Mtoto si mzigo wa kugawana: mazungumzo juu ya watoto wa wazazi walioachana

(Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba kwenye kikao cha mwezi)

Leo hatukuja kuomba mchango, msikimbie.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Papa mmoja na mama mmoja, wote wanamemba, walikuja kwa komite. Walioana kambini Nyarugusu, wakazaa watoto watatu kule, wakarudi pamoja hapa Baraka, na hapa ndoa ikawashinda. Tulikaa nao mchana mzima. Jioni tukakata maneno: kijana aende kwa baba, wasichana wawili wabaki kwa mama. Tukapiga makofi, tukakunywa soda, kila mtu kwake. Hatukuandika hata mstari mmoja.

Miezi mitatu haikuisha, baba akavuka ziwa kurudi Kigoma kutafuta kazi. Kijana aliachwa kwa shangazi yake, akaacha masomo, akaanza kubeba matofali. Mama alipoenda kumchukua, jamaa ya baba ikamwambia: "Mutoto ni wa kwetu, tulitoa mali." Akatuita tuwe mashahidi. Tulipofika, kila mmoja wetu alikuwa anakumbuka namna yake! Haya ilikuwa nyingi.

Njo maana tulienda kuuliza watu wanaojua sheria, na tunawaletea tuliyoyasikia.

Kitabu cha sheria za jamaa cha Kongo ni cha 1987, kikageuzwa 2016. Kinasema kuvunja ndoa ni kazi ya tribunali. Si kazi ya shefu wa kijiji, si ya mchungaji, na si ya komite hii. Kwetu sisi mlango ni tribunali ya amani. Mwamuzi anajaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, anaamua pia watoto watalelewa na nani, na anaangalia faida ya mtoto, si nani alikosa zaidi kati ya mume na mke. Anaweza kumpa mama, baba, ao mtu mwingine kama bibi. Lakini yule asiyepewa mtoto hatupwi inje. Anabaki na haki ya kufuata malezi na masomo, na anabaki na deni la kusaidia kadiri ya uwezo wake.

Na ile mali ya ndoa? Ilitolewa kwa kuoa mwanamke, haikununua watoto. Tunajua maneno haya yanawauma wazee wengine hapa, hata ndani ya komite yanauma.

Turudi kwa wale wawili. Baba alipokuja kusalimia, tuliwaketisha tena, safari hii na kalamu. Waliandika kijana analala wapi siku za masomo, anaenda kwa nani vakanse kubwa ya mwezi wa saba na wa nane, nani analipa minervale yake (primeri ya serikali ni bure tangu 2019, lakini yeye yuko sekonderi, na hata kule primeri kwa dada zake daftari na viatu si bure), nani anaitwa kwanza mtoto akigonjwa, na siku gani baba anapiga simu. Walibishana sana juu ya ziwa. Mwishoni waliandika: hakuna mzazi atakayevusha mtoto Tanzania bila mwenzake kutia saini. Sisi tuliotoka kambini tunajua mtoto akivuka bila karatasi, kumpata ni kazi ya miaka.

Karatasi hiyo waliipeleka kwa tribunali. Mwamuzi hakupiga muhuri tu. Alimuuliza kijana mwenyewe, kwa sababu sheria ya 2009 ya kulinda watoto inampa mtoto mwenye akili ya kupambanua haki ya kusema maoni yake. Kijana akasema hataki kutengana na dada zake. Sisi, mchana ule mzima, hakuna aliyewaza kumuuliza. Sasa wote watatu wako kwa mama, na mapatano yako ndani ya hukumu, jamaa haiwezi kuyageuza usiku.

Yote hayakunyooka. Pesa ya baba inachelewa, na kijana alipoteza mwaka mzima wa masomo. Mama siku moja alitaka kumnyima baba simu mpaka alipe. Tulimwambia hapana: pesa ni jambo moja, kuongea na mtoto ni lingine. Mwenye kuona haki haifuatwi arudi kwa tribunali.

Walio na shida kama hii waje kwa komite mapema. Mlete karatasi za kuzaliwa za watoto, hata zile za kambini, na karatasi ya ndoa kama iko. Kama ndoa haikuandikwa, kujeni vilevile. Tutawasindikiza mpaka kwa karani wa tribunali. Kukata maneno wenyewe chini ya mwembe, tumeacha.