Mkono wa Upole kwa Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa Jumuiya)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawashukuru wakuu wa Jumuiya kwa kuniruhusu, mimi mkunga, kusema katika siku hii ya furaha juu ya jambo ambalo aghalabu husemwa chumbani kwa sauti ya chini. Jambo lenyewe ni mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya kutimia majuma 37.

Wanavyuoni wetu wa kale walimjua mtoto huyu. Waliitazama aya itajayo miezi thelathini ya kubeba mimba na kunyonyesha, wakaiweka kando ya aya itajayo miaka miwili ya kunyonyesha, wakapata kwamba muda mchache kabisa wa mimba ni miezi sita. Njiti azaliwaye hai hupewa jina, hurithi, na akifa huoshwa na kusaliwa. Mwenye haki zote hizo, kwa nini tumnyime haki ya kushikwa? Maana majumbani mwetu wangaliko wasemao kwamba kitoto kidogo namna ile kisiguswe, kitavunjika. Kilazwe pembeni, kiachiwe kudura.

Wala tusiwacheke bibi zetu kwa hayo. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao, kwa miaka mingi ya karne ya ishirini, waliwaweka njiti katika masanduku ya joto na kuwazuia mama zao wasiingie, kwa kuogopa maradhi ya kuambukiza. Hofu ile ilikuwa na sababu, lakini ilimwacha mtoto peke yake, akiguswa tu na sindano.

Mabadiliko yalitoka kwa watu waliokuwa na upungufu. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona hospitali yake imejaa, masanduku ya joto hayatoshi, na watoto wanaambukizana. Basi akawataka mama wawafunge watoto vifuani, wima, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia achukuaye mwanawe katika mfuko wa tumbo.

Miaka minane baadaye, mwaka 1986, bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Tiffany Field, alitangaza aliyoyaona pamoja na wenzake huko Miami. Njiti 20 walipapaswa mwili kwa robo saa, mara tatu kwa siku, kwa siku 10. Maziwa waliyokunywa hayakuzidi ya wenzao 20 wasiopapaswa, lakini uzito walioongeza kila siku ulizidi kwa asilimia 47, nao walitoka hospitali siku 6 mapema. Baadaye ilionekana kwamba mkono ufaao ni ule wenye uzito wa wastani; mguso mwepesi mno humtekenya mtoto na kumkera. Wataalamu hao waliona kuwa mkono huo huamsha mshipa wa fahamu ushukao kutoka ubongoni hadi tumboni, na tumbo likasaga chakula vizuri zaidi. Hata hivyo, kumpapasa njiti aliye mchanga mno kwataka idhini ya daktari, kwani ngozi yake ni laini sana. Kumlaza kifuani ni salama zaidi.

Habari kubwa ilikuja mwaka 2021, kutoka hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto 3,211, wenye uzito tangu kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8, waligawanywa: wengine wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, wengine wakangoja hali zao zitulie. Katika wale wa kwanza walifariki 12 kwa kila 100 kabla ya siku 28; katika wale waliongojeshwa, karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba njiti awekwe kifuani mapema, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku.

Nisiwafiche kwamba uchunguzi wa hospitali tano za serikali hapa Uganda, uliochapishwa mwaka 2024, haukupata tofauti ya kutegemewa katika vifo vya siku 7 za mwanzo kwa watoto ambao hali zao zilikuwa hazijatulia. Kifua cha mama si badala ya hewa ya oksijeni wala dawa. Asiwepo atakayeondoka hospitali kwa kusikia maneno yangu.

Lakini fikirini, ndugu zangu, hizo saa 8. Mama aliyefunga mtoto kifuani hawezi kuteka maji, kupika, wala kufua. Nimeona zaidi ya mmoja akimfungua mwanawe, si kwa kutopenda, bali kwa kuwa nyumbani wako wengine wanne wenye njaa. Hapo ndipo Jumuiya ina kazi: kumpelekea chakula wodini, kumlipia nauli, na mawifi kumshikia nyumba.

Na kina baba je? Kifua cha baba kina joto pia. Twamjua yule Al-Aqra bin Habis, aliyestaajabu kumwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akimbusu mjukuu wake, akasema yeye ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja. Jibu alilopewa mnalijua.

Jambo la mwisho ni kuoga. Msiharakie kumwosha njiti. Baridi humdhuru upesi. Ngojeni walau saa 24, na zaidi kama daktari asemavyo.

Baada ya sala ya Alasiri nitakuwa katika chumba cha akina mama, nikiwa na kanga mbili na mwanasesere, kuonyesha namna ya kumfunga mtoto ili shingo isipinde na pua isizibwe. Akina baba watakaotaka kujifunza nitawaonyesha hapa ukumbini baada ya hapo.