Mwanga Huuzwa kwa Mafungu

 

Leo tutazungumza juu ya mwanga. Mnajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo. Mvuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa huufuata mwanga, naye huwakusanya kwa wavu. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai hula mafuta ya taa usiku kucha, na mafuta ni fedha. Mvuvi akirudi na dagaa kidogo, faida yake imekwisha kuungua. Siku hizi wengi hutumia taa za betri zinazojazwa kwa jua. Taa hizi hazina moto. Basi mwanga wake hutoka wapi?

Jibu lilianza mbali, katika mji wa Berlin, Ujerumani. Lakini kwanza mkumbukeni mhunzi. Chuma kikitiwa motoni huwa cha moto tu, bila mwanga. Kisha huwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha hukaribia weupe. Mbona hakianzi na buluu? Hesabu za zamani zilishindwa kujibu. Kwa hesabu hizo, hata jiko la mkaa lingemwaga mwanga wa zambarau bila kikomo. Tungepofuka sote kwa kupika ugali!

Bwana Max Planck hakuwa mtu wa kupenda kuvunja mambo ya kale. Alijaribu njia nyingine, akakwama. Ndipo tarehe 14 Desemba 1900 akawaambia wataalamu wenzake neno ambalo yeye mwenyewe hakulipenda: joto haligeuki kuwa mwanga kama maji yanavyomiminika. Hugeuka kwa mafungu.

Fungu mnalijua. Sokoni muuza nyanya hupanga mafungu, wala hakuuzii nusu fungu. Ukiwa na fedha pungufu, waondoka mikono mitupu. Mwanga ni hivyo hivyo, ila mafungu yake hayana bei moja. Fungu jekundu ni rahisi. Fungu la buluu bei yake ni kama ya jekundu moja na nusu. Chuma chenye joto dogo hakina uwezo wa kulipa bei ya buluu, kwa hiyo huanza na nyekundu. Fungu hili wataalamu huliita kwanta, neno la Kilatini lenye maana ya “kiasi gani”.

Mwaka wa 1905 Bwana Albert Einstein, karani wa miaka 26 katika ofisi moja ya serikali mjini Bern, Uswisi, aliongeza neno. Alisema mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu, na fungu moja likipiga madini laweza kung’oa chembe moja ya umeme. Fikirini embe mtini. Rusha mchanga kutwa nzima, embe halianguki. Rusha jiwe moja, laanguka. Mwanga mwekundu mwingi ni mchanga; wa zambarau, hata ukiwa hafifu, ni jiwe. Bwana Robert Millikan wa Marekani hakuamini. Alipima kwa miaka kama 10, na mwaka wa 1916 vipimo vyake vikamkubalia Einstein. Paneli ya sola juu ya bati lako hufanya kazi ya namna hiyo: mafungu ya jua hugonga chembe za umeme, zikatoka zilipokaa.

Mwaka wa 1913 Bwana Niels Bohr wa Denmark alisema chembe hizo hukaa katika atomu kama mtu juu ya ngazi. Husimama juu ya kipago, si kati ya vipago. Ikishuka kipago, hutoa fungu moja la mwanga. Miaka ya 1925 na 1926 Bwana Heisenberg na Bwana Schrödinger waliandika hesabu kamili. Ni ngumu, tuwaachie wenyewe.

Sasa turudi mtumbwini. Ndani ya taa yako mna punje ndogo. Umeme wa betri hupandisha chembe, chembe hushuka, fungu la mwanga latoka. Hakuna kinachoungua. Punje za mwanga mwekundu zilipatikana mwaka wa 1962, lakini mwekundu hauwezi kufanywa kuwa mweupe. Ilihitajika buluu, ile ya bei ghali, nayo iliwasumbua wataalamu karibu miaka 30. Wajapani Akasaki, Amano na Nakamura ndio waliofaulu, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2014. Juu ya punje ya buluu hupakwa unga wa njano. Unga huo hupokea mafungu makubwa ya buluu na kutoa madogo ya njano, na rangi hizo mbili zikichanganyika jicho huona weupe.

Kazi ya darasa. Jioni hii tazameni makaa yanapokolea, mwandike rangi zake kwa kufuatana. Mwenye taa ya jua aizime, aitazame kwa karibu, aandike rangi ya kile kidoa anachokiona juu ya punje. Mwalimu atayasoma majibu yenu kwa sauti. Somo lijalo ni juu ya betri. Kwaherini.