Mtihani wa Uwakili Ufanyike Wapi?

Mtu akitajiwa mtihani, fikra zake hukimbilia kwenye maswali: ni magumu au mepesi, yametungwa na nani, na wangapi watafaulu. Ni wachache wanaouliza mtihani huo utafanyika wapi. Swali hilo huonekana kuwa ni la makarani na watunza funguo za madarasa. Lakini historia ya mtihani wa uwakili katika nchi ya Ufilipino inaonyesha kwamba uchaguzi wa mahali ni sehemu ya haki yenyewe, na kwamba wenye mamlaka wanaweza kukaa miaka mingi bila kulitambua jambo hilo.

Nchini Ufilipino mhitimu wa sheria hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu mpaka afaulu mtihani mmoja wa taifa. Mtihani huo ulianza mwaka 1901, wakati wa utawala wa Marekani. Katiba ya mwaka 1987 inaipa Mahakama ya Juu madaraka ya kuweka kanuni za kuingia katika kazi ya uwakili, na jaji mmoja wa mahakama hiyo ndiye huongoza kamati ya mtihani. Mtahiniwa anatakiwa apate wastani wa alama 75 kwa mia, na asiwe na somo hata moja chini ya alama 50. Hadi mwaka 2019 masomo yalikuwa manane, nayo yalifanywa katika Jumapili nne. Kwa hiyo aliyetoka mbali alilazimika kukaa Manila, mji mkuu, kwa muda wa karibu mwezi mzima.

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Manila iko katika kisiwa cha Luzon, kaskazini. Mji wa Davao uko katika kisiwa cha Mindanao, kusini, na kati ya miji hiyo miwili kuna karibu kilomita 1,000 za nchi kavu na bahari. Mtoto wa mvuvi wa Mindanao aliyesomeshwa kwa jasho la wazazi wake alitakiwa atafute nauli, chumba cha kupanga na fedha za chakula, kabla hajaandika hata neno moja. Wakati huo huo, mwenzake wa Manila alilala kitandani kwake na kula chakula cha mama yake. Wote wawili walipewa maswali yale yale, saa ile ile. Lakini wahenga walisema msafiri kafiri, na hakuna msahihishaji anayeweza kuiona nauli ya mtu katika karatasi ya majibu.

Kwa miaka mingi hoja ya mahali ilihusu tu ni chuo kipi, ndani ya mji ule ule, kitatoa madarasa. Hadi mwaka 2010 watahiniwa walikusanyika katika Chuo Kikuu cha De La Salle, kilichopo kando ya barabara ya Taft. Ilikuwa desturi kwamba Jumapili ya mwisho ndugu, marafiki na vyama vya wanafunzi hujaa getini kuwalaki watahiniwa kwa ngoma na shangwe. Tarehe 26 Septemba, 2010, katikati ya shangwe hizo, bomu la kutupa kwa mkono lililipuka barabarani. Watu zaidi ya 40 walijeruhiwa. Wanafunzi wawili wa sheria, waliofika hapo kuwalaki wenzao tu, walipoteza miguu.

Mwaka uliofuata Mahakama iliuhamishia mtihani Chuo Kikuu cha Santo Tomas, katika eneo la Sampaloc, na kuusogeza kutoka Septemba hadi Novemba. Sababu za kukipendelea chuo hicho zilionekana wazi. Ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1611. Uwanja wake una zaidi ya hekta 20, umezungukwa na barabara pande zote nne, na hospitali imo humo humo. Uzio wake una historia ya uchungu: kuanzia mwaka 1942 hadi 1945 majeshi ya Japani yaliwafungia humo raia wa nchi za adui zaidi ya 3,000. Hata hivyo, Sampaloc ni eneo linalojulikana kwa mafuriko. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya España iliyo mbele ya chuo hugeuka kuwa mto. Tena, pamoja na ubora wake wote, chuo hicho bado kilikuwa Manila. Swali lililojibiwa lilikuwa ni geti lipi lililo salama zaidi. Hali ya yule asiyeweza kufika kwenye geti lolote haikuguswa.

Kilicholeta mabadiliko makubwa ni maradhi. Mwaka 2020 mtihani haukufanyika kwa sababu ya UVIKO-19, kwa kuwa kukusanya maelfu ya watu katika kampasi moja kungekuwa hatari kwa taifa zima. Chini ya uongozi wa Jaji Marvic Leonen, mitihani ya mwaka 2020 na 2021 iliunganishwa, ikafupishwa kuwa siku mbili, ikaandikwa kwa kompyuta, na ikafanyika katika vyuo vilivyotawanyika mikoani. Hata hapo kazi haikuwa nyepesi. Desemba 2021 kimbunga kilichoitwa Odette kiliharibu vibaya visiwa vya kati na kukata umeme. Tarehe zikasogezwa hadi tarehe 4 na 6 Februari, 2022. Watahiniwa 11,402 waliukamilisha mtihani, na 8,241 wakafaulu.

Haifai kudai kwamba mahali peke yake ndipo palipoleta ushindi huo. Utaratibu wa mtihani ulikuwa umebadilika, na shida za maradhi zilizingatiwa. Lakini jambo moja lilithibitika: mtihani wa taifa unaweza kumfuata mtahiniwa mkoani kwake, na mawakili wakaapishwa. Tangu hapo haukurudishwa Manila peke yake. Mwaka 2023 ulifanyika kwa siku tatu, katika vituo zaidi ya kumi nchini.

Wako watakaosema kwamba utaratibu wa zamani haukumdhuru mtu. Watataja matokeo ya mtihani wa mwaka 2016, ambapo nafasi ya kwanza ilichukuliwa na mhitimu wa Chuo Kikuu cha San Carlos cha mjini Cebu, na vyuo vya nje ya Manila vikatawala orodha ya kumi bora. Kama vijana wa mikoani waliweza kusafiri na kuwashinda wenyeji, malalamiko ni ya nini? Hoja hii ina kasoro kubwa. Orodha ya waliofaulu huwahesabu waliofika. Haina safu ya yule aliyeahirisha mwaka kwa mwaka kwa kukosa nauli, mpaka akaacha. Ushindi wa Cebu unathibitisha kwamba vipaji havizaliwi mji mkuu peke yake. Basi kila kizuizi kisicho na lazima ni hasara kwa wananchi wanaohitaji mawakili.

Wengine wataogopa kwamba vituo vingi huleta mianya ya udanganyifu. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo maana kampasi haichaguliwi kwa heshima ya jina lake. Ni lazima itazamwe kama ina vyumba vya kutosha vilivyo karibu karibu, lango linaloweza kulindwa, umeme wa uhakika na jenereta ya akiba, maji, huduma ya matibabu, na njia ya kufikika mvua inaponyesha. Tena kompyuta nayo ina gharama zake. Aliyeondolewa mzigo wa nauli asitwishwe mzigo wa kompyuta ya mpakato asiyoweza kuinunua, la sivyo haki itakuwa imetolewa kwa mkono wa kulia na kunyang'anywa kwa mkono wa kushoto.

Ndugu wananchi, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Anayepanga mtihani akiwa mji mkuu huona ramani ya mji wake, na humwia vigumu kuona bahari iliyo kati yake na mtahiniwa. Wafilipino walifumbuliwa macho na mlipuko, kisha na maradhi. Mataifa mengine hayana haja ya kungoja walimu wakali kama hao. Kila linapotafutwa jengo la kufanyia mtihani wa taifa, mwenye kuchagua na aulize kwanza: nani atashindwa kufika hapa, na kwa kosa gani?