Minyoo kwa Watoto Wadogo: Dawa Pekee Haitoshi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo tutazungumza juu ya minyoo wa tumboni kwa watoto walio chini ya miaka 5.

Nitaanza na swali ambalo akina mama huniuliza sana kliniki, huku kwetu Magharibi. Mama anasema: "Sista, mtoto wangu alipewa dawa ya minyoo mwezi wa Mei. Sasa ni Septemba na ametoa mnyoo mwingine. Hiyo dawa ni ya kweli?" Wengine huacha kuleta watoto kabisa kwa sababu hiyo.

Mama, dawa ni ya kweli. Ilifanya kazi yake, ikawaondoa minyoo waliokuwa tumboni wakati ule. Lakini haibaki mwilini kumlinda mtoto na mayai atakayomeza baadaye. Basi tujiulize mayai hayo yanatoka wapi.

Yanatoka kwenye kinyesi. Yule mnyoo mkubwa mweupe anayefanana na nyungunyungu anaweza kufika sentimita 30, yaani rula nzima ya mtoto wa shule. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama 200,000 kwa siku, madogo hata macho hayayaoni. Mayai hutoka pamoja na choo cha mtoto. Hayaambukizi siku hiyo hiyo. Hukaa kwenye udongo wenye joto na unyevu kwa wiki 2 hadi 4 yakikomaa, na baada ya hapo yanaweza kuishi humo kwa miaka. Wakati huo kinyesi chenyewe hakionekani tena, mvua imekiosha, na mahali panaonekana safi. Mtoto anatambaa hapo, anaokota pera lililoanguka, anatia vidole mdomoni.

Yai likimezwa, mnyoo mchanga hutoka, husafiri na damu hadi kwenye mapafu (ndiyo maana watoto wengine hukohoa), kisha humezwa tena na kukomaa tumboni. Safari yote huchukua kama miezi 2 au 3. Sasa hesabu mwenyewe, kutoka Mei hadi Septemba.

Hapa nitasema jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Katika maboma mengi ninayotembelea kuna choo cha shimo, na watu wazima wanakitumia. Lakini mtoto wa miaka 2 hujisaidia nyuma ya nyumba au kwenye migomba, na kinyesi kinaachwa pale pale. Ukiuliza, unaambiwa, "Huyo ni mtoto tu, choo chake hakina shida." Kina shida, mama. Mtoto akishaanza kutambaa na kula, choo chake kinaweza kubeba mayai ya minyoo kama cha mtu mzima. Na kinaachwa mahali pale pale wanapochezea wenzake.

Kwa hivyo mtafutie poti. Si lazima uinunue, hata karai kuukuu au mkebe mpana usio na makali unatosha. Tia jivu kidogo ndani kwanza ili kinyesi kisigande. Akimaliza, mwaga kwenye choo cha shimo, suuza, na maji ya kusuuzia pia uyamwage chooni. Maji ya kufulia nepi ni hivyo hivyo, usiyamwage kando ya sukuma wiki. Ikiwa amejisaidia chini, zoa kwa kijembe pamoja na udongo wa chini yake, upeleke chooni. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na mtoto umnawishe. Mtungi wa lita 5 uliotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa karibu na choo unasaidia sana. Mwonyeshe hayo yote dada yake mkubwa au msichana wa kazi pia, maana mara nyingi ndiye anayebaki na mtoto wewe ukiwa sokoni.

Kuna minyoo wengine, wale wa safura, ambao hawangoji kumezwa. Hupenya ngozi ya mguu mtupu, kisha hunyonya damu ndani ya utumbo. Viganja vya mtoto hupauka, anachoka, hataki kucheza. Mvalishe patipati, hasa akienda upande wa choo au shambani.

Tumesikia pia kwamba sukari huleta minyoo, na kwamba minyoo husaidia kusaga chakula. Sukari haizai minyoo. Na minyoo hawasaidii kitu, wanakula kile ulichomtafutia mtoto kwa jasho lako.

Dawa tuendelee nayo. Mtoto hupewa kila miezi 6, kuanzia anapotimiza mwaka 1. Chini ya mwaka 1 usimpe mwenyewe. Kwa albendazoli ya miligramu 400, mtoto wa mwaka 1 ambaye hajafika 2 hupewa nusu kidonge. Aliyefika miaka 2 hupewa kizima. Kwa wadogo, kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji. Akilia au kukataa, ngoja atulie. Usimzibe pua wala kumlazimisha, dawa inaweza kuingia njia ya hewa ikamkaba. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, dawa hutolewa bila malipo pamoja na vitamini A.

Lakini tumbo la mtoto likivimba na kuuma sana, akawa anatapika na hapati choo, usimpe dawa ya minyoo nyumbani. Huenda minyoo wameziba utumbo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ukitoka hapo kwenye redio, fungua kitabu cha kliniki cha mtoto uangalie tarehe ya mwisho aliyopewa dawa. Ikiwa miezi 6 imepita, mlete. Tukutane wiki ijayo wakati kama huu. Kwaherini.