Egemeo Lililofungwa kwa Waya



Katika gereji za jua kali za Nyeri, Karatina na Nanyuki, mafundi huletewa magari ambayo egemeo la kiti cha dereva limelegea. Ndani ya kiti mna chuma chenye meno, na kikomeo kinachosukumwa na springi ili kiyashike meno hayo. Meno yakilika, au springi ikikatika, egemeo halishiki tena. Wengi hawanunui kikomeo kingine. Hufunga waya, au huweka gunia la viazi nyuma ya kiti, wakisema, "Litatufikisha."

Na kweli, penye tambarare hufika. Lakini nchi yetu ni ya milima. Gari likipanda kutoka Sagana kuelekea Karatina, uzito wa dereva wote huelekea nyuma. Waya ukikatika hapo, dereva huanguka chali. Mguu waiacha breki, mikono yavuta usukani, na mtoto aliyeketi nyuma yake hubanwa. Marekani nayo, tangu mwaka 1968, ilidai kwamba viti vinavyokunjwa katika magari mapya viwe na kikomeo kinachojifunga chenyewe.

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 4, chatuonyesha mzee Eli, mwenye umri wa miaka 98, ameketi kitini kando ya lango. Aliposikia kwamba Sanduku la Mungu limetwaliwa, alianguka nyuma, shingo ikavunjika, akafa. Alikuwa mwamuzi wa Israeli miaka 40. Habari ile ndiyo iliyomwangusha, lakini ulegevu ulianza zamani. Wanawe waliidharau sadaka ya Bwana. Naye aliwaonya kwa maneno, asiwazuie. Maneno yale yalikuwa waya tu.

Ndugu msikilizaji, nyumbani mwako ni kitu gani umekifunga kwa waya? Ni deni ulilomficha mke wako? Ni pombe utakayoiacha baada ya malipo ya kahawa? Ni ugomvi wa shamba na ndugu yako, ambao kila Jumapili mnausitiri kwa kupeana mikono kanisani?

Fundi mwema hafuniki kiti kwa kitambaa kipya. Hufungua boliti, hukitoa kiti, hukagua pande zote mbili, huondoa kilicholika na kutia kingine cha aina ile ile. Kisha hulisukuma egemeo kwa nguvu kabla gari halijatoka gerejini. Toba nayo ni hivyo. Deni na litajwe leo. Ndugu na aendewe leo, kabla ya mlima.

Na kama kiti cha gari lako kimefungwa kwa waya, usilitie barabarani kesho. Kumpenda jirani ni pamoja na hilo, maana jirani ameketi nyuma yako.

Na tuombe. Ee Bwana, utuonyeshe kilicholegea ndani yetu, utupe moyo wa kukiondoa, nawe uwe egemeo letu. Amina.