SOMO LA KUMI NA MBILI: BARUA YA MALALAMIKO JUU YA MATIBABU

(Somo hili limetangazwa redioni. Limechapwa hapa ili mlisome tena darasani, polepole.)

Wiki iliyopita tulijifunza kuandika barua ya maombi. Leo tutajifunza barua iliyo ngumu zaidi, kwa sababu mara nyingi mwenye kuiandika ana uchungu moyoni.

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yangu alishikwa na homa kali. Alikuwa na umri wa miaka minne. Dada alimpeleka katika zahanati moja, ambayo sitaitaja jina. Alifika saa moja asubuhi, akaambiwa akae kwenye foleni. Saa nne mtoto akaanza kutetemeka. Dada akamwambia nesi, "Mtoto amezidiwa." Nesi akajibu, "Mama, wote hapa ni wagonjwa." Mtoto alipimwa damu saa saba. Malaria ilikuwa imekwisha kupanda kichwani. Alikimbizwa hospitali kubwa, akalazwa siku tisa. Tunashukuru alipona, lakini tangu siku zile sikio lake la kushoto halisikii.

Niliposikia habari hizo nilikwenda pale zahanati nimejaa hasira. Nilimfokea nesi mbele ya watu. Kumbe hakuwa yule aliyekuwa zamu siku ile! Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, akatoka, akanikaribisha ofisini, akaniuliza maswali matatu. Ilikuwa tarehe ngapi? Mtoto alifika saa ngapi na alionwa saa ngapi? Daftari lake la matibabu liko wapi? Tarehe sikuijua. Saa sikuziandika. Daftari lilikuwa limekwisha kuchanwa na watoto. Mganga akaniambia kwa upole, "Mwalimu, sikatai maneno yako. Lakini nikamwulize nani, na juu ya siku gani?"

Ndugu zangu, mimi ni afisa elimu, nina stashahada ya chuo kikuu. Siku ile nilitenda kama mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na yule nesi wa zamu hakuulizwa neno. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni hivyo hivyo.

KWA NINI TULALAMIKE?

Wengine husema, "Nikilalamika watanichukia, na kesho sitatibiwa." Hofu hiyo naielewa. Lakini kulalamika kwa barua yenye heshima si ugomvi. Ni kumwonyesha mkuu wa kazi mahali palipoharibika, ili mtoto wa mwingine asipatwe na yaliyompata wako.

Hata hospitali kubwa hukosea. Mwezi wa Novemba mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza walibadilishana upasuaji. Aliyekuwa na ugonjwa wa goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuwa na ugonjwa wa kichwa alipasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki baadaye. Jambo lile halikufichwa. Habari zilienea nchi nzima, kamati ya uchunguzi ikaundwa, na madaktari waliohusika wakasimamishwa kazi. Tujifunze mambo mawili. Kwanza, kila ukienda kutibiwa, taja majina yako yote na uhakikishe yameandikwa sawasawa. Pili, kosa likiwekwa wazi laweza kuchunguzwa.

Lakini tuwe waadilifu. Si kila mgonjwa asiyepona ametibiwa vibaya. Tena, dawa zikiwa zimekwisha zahanati, kosa huenda si la nesi aliye dirishani. Hilo pia landikiwe barua, ila usimshitaki mtu kwa jambo asilolitenda.

MAMBO YA KUWEKA

Tangu siku ya kwanza ya ugonjwa, weka mambo haya:
1. Tarehe, saa ya kufika na saa ya kuonwa.
2. Jina la mtumishi. Kama hulijui, andika kazi yake na zamu yake.
3. Daftari la matibabu, kadi ya kliniki, cheti cha maabara na risiti. Usivitupe.
4. Majina ya watu walioona kwa macho yao.

NAMNA YA KUANDIKA

Andika yale uliyoyaona, kwa mpangilio wa saa. Usitukane. Usiandike "nesi yule ni mkatili." Andika aliyotenda, na msomaji atapima mwenyewe. Mwisho useme unataka nini. Barua yenye uchungu tupu, isiyo na ombi, humwacha mkubwa bila kujua la kufanya. Tazameni mfano huu:

Mtaa wa ..............,
Buswelu.
Tarehe ..............

Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya ..............

Ndugu,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MATIBABU YA MTOTO WANGU

Mimi ni mama wa mtoto .............., mwenye umri wa miaka minne. Tarehe .............. nilimleta hapo saa 1.00 asubuhi akiwa na homa kali. Saa 4.00 alianza kutetemeka. Nilimwarifu nesi wa zamu, naye akaniambia ningoje. Mtoto alipimwa damu saa 7.00 mchana, akaonekana ana malaria kali, akapelekwa hospitali.

Naomba jambo hili lichunguzwe, na nijulishwe kwa nini mtoto aliyezidiwa hakuonwa mapema. Naomba pia uwekwe utaratibu wa kuwatanguliza wagonjwa mahututi.

Nimeambatisha nakala ya daftari la matibabu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(Sahihi na jina)
Simu ..............

Barua ile ni fupi, wala haina neno la hasira. Lakini kila mstari una jambo la kuulizwa. Laiti mimi ningaliandika hivyo!

MAHALI PA KUPELEKA

Andika nakala mbili. Moja utaikabidhi, na ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, kisha uitunze nyumbani. Muhuri ule ndio shahidi wako.

Anza kwa mganga mfawidhi. Zahanati na kituo cha afya huwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wenzenu. Ulizeni ni nani, mkawaone. Ukikaa bila jibu, mwandikie Mganga Mkuu wa Manispaa ya Ilemela, ukiambatisha nakala ya barua ya kwanza. Ofisi za Manispaa ziko hapa hapa Buswelu. Barua hupokelewa masijala. Baada yake yuko Mganga Mkuu wa Mkoa.

Kosa likiwa kubwa, la mtaalamu katika kazi yake, waweza kuliandikia Baraza la Madaktari Tanganyika kama ni daktari, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kama ni muuguzi. Mabaraza hayo yana uwezo wa kuonya, kusimamisha, hata kufuta jina la mtu katika daftari la wenye ruhusa ya kutibu.

Ukiombwa rushwa ili utibiwe, hiyo ni kazi ya TAKUKURU. Piga simu namba 113.

Tena ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza mwaka 2001. Kabla yake, tangu mwaka 1966, nchi yetu ilikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kusikiliza mwananchi aliyeonewa na wenye madaraka. Basi kulalamika kwa utaratibu si jambo geni kwetu.

NENO LA MWISHO

Mtoto wa dada yangu sasa yuko shuleni. Anakaa dawati la mbele, amemgeuzia mwalimu sikio la kulia. Kila nikimwona hukumbuka yale maswali matatu niliyoshindwa kuyajibu. Barua isingalimrudishia sikio lake. Lakini huenda ingalimfikisha mtoto mwingine kwa mganga saa nne badala ya saa saba.

Ninyi sasa mnajua kuandika. Msiiache kalamu nyumbani mkaenda na kelele.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini mganga mfawidhi hakuweza kunisaidia?
2. Taja vitu vitatu vya kutunza baada ya matibabu.
3. Nakala yenye muhuri ina faida gani?
4. Kila mmoja aandike barua ya malalamiko ya mistari kumi, kisha msomeane. Penye neno la matusi, futeni.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.