Je, na Sisi Tutaupata? Alzheimer na Urithi wa Jeni



Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa Alzheimer kwa upande wa jeni. Nitajikita kwenye swali moja, lile ambalo wahudumu wa afya ya jamii na maafisa ustawi huulizwa mlangoni wakati wa kuaga, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie: "Mama amekuwa hivi. Je, na sisi wanawe tutaupata?" Majibu yaliyozoeleka ni mawili: "Huo ni uzee tu," au "Hiyo iko kwenye ukoo wenu." Yote mawili yanapotosha, ila la pili lina madhara makubwa zaidi. Ukoo ukishapewa jina hilo, mabinti hukosa wachumba. Na bibi anayepotea njia usiku akaingia ua wa jirani hana usalama katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni.

Kuhusu uzee nitasema machache. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ulikuta asilimia 6.4 wana demensia, yaani akili na kumbukumbu zilizopungua kiasi cha mtu kushindwa kujiendeshea maisha. Basi zaidi ya wazee 93 katika kila 100 hawakuwa nayo. Uzee unaufungulia mlango ugonjwa huu, lakini si ugonjwa. Na kati ya magonjwa yanayoleta demensia, Alzheimer ndiyo ya kwanza: duniani inahusika na asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Alimuuliza jina lake, akajibu Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Na mumewe anaitwaje? Akasita, kisha akajibu tena Auguste. Mchana alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe. Alipoulizwa anakula nini, akasema mchicha. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini akaona vitu viwili: mabaka yaliyoganda baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabaka yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Mabaka huanza kujijenga miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili ya kwanza. Nyuzi huanzia karibu na sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mzee anaweza kusimulia Azimio la Arusha lilivyopokelewa kijijini kwao lakini asikumbuke kama amekunywa chai asubuhi hii.

Zingatieni umri wa Auguste: miaka 51. Hapo ndipo habari ya jeni inapoanzia.

Amiloidi hukatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi, na jeni ya protini hiyo, APP, iko kwenye kromosomu ya 21. Mwaka 1991 watafiti wa London walikuta hitilafu katika jeni hiyo kwenye familia moja ya Uingereza iliyokuwa ikiugua mapema. Mwaka 1995 ziligunduliwa nyingine mbili, PSEN1 na PSEN2, zinazohusika na kazi ya kukata protini ile. (Wenye kromosomu ya 21 ya ziada, yaani watu wenye sindromu ya Down, wana APP tatu badala ya mbili, na wengi wao huupata ugonjwa huu wakizeeka. Walezi wao wanapaswa kuambiwa hivyo mapema.)

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Antioquia, nchini Kolombia. Katika vijiji vya milimani kule kuna ukoo mkubwa ambao watu wake huanza kusahau wakiwa na miaka kama 44, na kufikia 49 wengi tayari wana demensia. Wenyeji waliuita upumbavu wa familia. Wengine walisema ni laana, wengine wakasema mgonjwa aliugusa mti uliorogwa. Msidhani mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Daktari Francisco Lopera alianza kuwafuatilia miaka ya 1980. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akafungua vitabu vya ubatizo vya parokia, akaunganisha kizazi na kizazi mpaka ukaonekana ukoo mmoja wenye watu wapatao 6,000. Chanzo kilikuwa hitilafu moja katika PSEN1.

Urithi wa namna hii una kanuni ngumu: mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Si kwamba kati ya watoto wanne wawili lazima wapate. Kila mimba ina kura yake, na wote wanne wanaweza kupona au wote wakapata. Hata hivyo, mwaka 2019 iliripotiwa habari ya mama mmoja wa ukoo huo aliyekuwa na hitilafu ileile lakini akafika miaka ya 70 ndipo akili ikaanza kuyumba. Alikuwa amebeba pia nakala mbili za umbo adimu la jeni nyingine, APOE, nayo inaonekana ilimkinga. Jeni moja ilimhukumu, nyingine ikamwahirishia hukumu kwa miaka karibu 30.

Sasa, ugonjwa wa namna ya Antioquia ni chini ya asilimia 1 ya Alzheimer yote. Mama wa miaka 78 aliyeanza kusahau mwaka juzi hayumo humo. Jeni inayomhusu zaidi ni hiyo APOE, ambayo ina maumbo matatu makuu. Mwaka 1993 kikundi cha Allen Roses wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilionyesha kuwa umbo liitwalo e4 huongeza uwezekano wa kuugua. Kuongeza uwezekano si kuamua: wapo wenye e4 wanaofika miaka 90 na akili timamu, na wapo wagonjwa wasio nayo kabisa.

Isitoshe, takwimu nyingi za e4 zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Waafrika tunayo e4 kwa wingi, lakini haionekani kututenda vilevile. Watafiti waliofuatilia Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis walikuta wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka ni asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis, na kule Ibadan uhusiano wa e4 na ugonjwa ulikuwa dhaifu sana. Kwa hiyo anayeuza kipimo cha e4 Dar es Salaam au Nairobi kwa kutumia jedwali la Ulaya anauza ramani ya mji mwingine. Sioni sababu ya kumshauri mtu mzima asiye na dalili akipime.

Mwana akiuliza mlangoni, ulizeni kwanza mgonjwa alianza akiwa na umri gani, na nani mwingine katika ukoo aliugua. Kama ni baada ya miaka 65, mwambieni waziwazi kwamba uwezekano wake umepanda kidogo kuliko wa mtu mwingine, na kwamba kuugua kwake hakujaandikwa. Kisha mpimeni yeye shinikizo la damu na sukari, mwulizeni kama anasikia vizuri na kama anavuta sigara. Kamisheni ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya demensia inahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na hayo manne yamo. Na kabla ya kumwita mama mgonjwa wa Alzheimer, apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU, na zichunguzwe dawa anazomeza, maana baadhi ya vyanzo hivyo vinatibika. Lakini kama wamekuwepo watatu katika vizazi viwili walioanza kabla ya miaka 60, familia hiyo ipelekwe kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na isipimwe jeni bila kupewa ushauri nasaha kwanza.

Ombi langu kwenu ni dogo. Madaftari yetu ya kutembelea kaya yana sehemu ya umri wa mzee leo. Ongezeni mstari mmoja kwa mkono: umri dalili zilipoanza. Bila huo hatuwezi kujua kama kuna ukoo mwingine kama wa Antioquia katika wilaya zetu.